Ujasiriamali haufunzwi kwa karatasi ya mtihani

Miaka michache iliyopita nilialikwa na chuo kikuu kimoja humu nchini niwe miongoni mwa watahini wa miradi ya wanafunzi wa uhandisi waliokuwa katika mwaka wao wa mwisho. Mingi ya miradi niliyoonyeshwa siku hiyo nimeisahau, lakini mmoja umekataa kunitoka akilini. Msichana mmoja alikuwa ameunda mashine ya kuangulia mayai iliyotumia nguvu za jua. Sanduku lenyewe lilikuwa la mbao kuukuu, kuta zake zimejazwa maranda ili zisipitishe baridi, na ndani mlikuwa na kifaa kidogo kilichopima joto na kuiwasha au kuizima taa pasi na mtu kuigusa. Yai la kuku huchukua siku 21 kuanguliwa, nalo halitaki mzaha: joto likizidi au likipungua kwa nyuzi chache tu, kifaranga hufia ndani. Msichana yule alituonyesha daftari alimoandika kiwango cha joto, usiku na mchana, kwa siku zote hizo.

Tulimpa alama nzuri. Kisha mimi, kwa ajili ya kukamilisha mazungumzo tu, nikamwuliza mashine ile itapelekwa wapi. Akajibu bila kusitasita: "Nitaifungua, mwalimu. Vipuri ni vya maabara, na darasa la mwakani linavihitaji." Watahini wenzangu walicheka. Mimi nami nilitabasamu, nikatia sahihi yangu, nikaenda kunywa chai.

Nimekuja kulijutia tabasamu lile. Kwa maana katika muhula uo huo, chuo kicho hicho kilikuwa kimemkalisha msichana yule katika ukumbi wa mtihani kujibu maswali ya somo la ujasiriamali, somo ambalo siku hizi wanafunzi wa vitivo vingi hulazimika kulisoma, wawe wa uhandisi, wa kilimo au wa ualimu. Aliulizwa maana ya mjasiriamali. Aliulizwa ataje na kueleza sifa zake. Alitakiwa aandike mpango wa biashara ya kubuni, wenye faida ya kubuni, kwa wateja wa kubuni. Hakuna aliyemwuliza habari za mashine iliyokuwa hatua chache tu kutoka hapo alipoketi, wala ni wakulima wangapi wangekuwa tayari kuinunua, wala ingegharimu shilingi ngapi kuunda ya pili. Karatasi ilisahihishwa, mashine ikafunguliwa, na mambo yote mawili yakahesabiwa kuwa ni elimu.

Hili ndilo ninalotaka tulizungumze leo, walimu kwa wanafunzi. Viongozi wetu hawachoki kuwahimiza vijana wajiajiri, na vyuo vimeitika mwito huo kwa kuongeza somo jingine katika ratiba. Swali ni je, somo hilo lafunza nini, na mhitimu atokapo nalo mlangoni, atoka na nini mkononi?

Si kwamba wazo la kumfunza kijana kujitegemea ni geni kwetu. Tume iliyoongozwa na Mackay mwaka 1981 ndiyo iliyopendekeza chuo kikuu cha pili, ambacho kilikuja kuwa Moi, na ndiyo iliyotuletea mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985. Nia ilikuwa njema kabisa. Mtoto angejifunza useremala, ushonaji, upishi na biashara, ili akomeapo katika darasa la nane asiwe mzigo kwa wazazi wake. Wazazi walichanga fedha kwa harambee wakajenga karakana. Ole wetu! Karakana nyingi zilibaki kuta tupu zisizo na randa wala msumeno, na ufundi ambao ulikusudiwa kufunzwa kwa mikono ukaishia kuwa maswali ya mtihani. Mtaala uliporekebishwa mwaka 2002, masomo mengi ya aina hiyo yaliondolewa katika orodha ya yale yanayotahiniwa, na ni wachache waliolia, kwa sababu kilichozikwa kilikuwa kimekwisha kufa zamani.

Nalitaja hili kwa sababu nahofia kuwa vyuo vikuu vinairudia safari ile ile, kwa nauli ya juu zaidi. Ugonjwa wetu wa kale ni kuchukua jambo lililo hai, tukalibana katika silabasi, tukalitungia mtihani, kisha tukashangaa mbona limepoteza uhai. Na mtaala mpya wa umilisi, ambao wanafunzi wake wa kwanza waliingia gredi ya 10 mwaka 2026, hautaokoka na ugonjwa huo kwa sababu ya jina lake zuri tu. Wanafunzi hao wanatarajiwa vyuoni mwaka 2029. Tutawapokea kwa karakana ama tutawapokea kwa vitini vya kukariri?

Ajabu ni kwamba walimu wa ujasiriamali tunao tele, ila hatujawatambua. Mwaka 1972 Shirika la Kazi la Kimataifa lilitoa ripoti mashuhuri kuhusu ajira nchini Kenya. Wataalamu wake waligundua kwamba mafundi na wachuuzi wadogo, ambao serikali za miji zilikuwa zikiwafukuza huku na huku, hawakuwa wazururaji bali watu wenye kazi, ujuzi na pato. Ripoti hiyo ndiyo iliyoeneza duniani jina la sekta isiyo rasmi, ambayo sisi twaiita jua kali. Miaka 20 ilipita kabla serikali haijatoa Waraka Nambari 2 wa 1992 kuhusu biashara ndogo na jua kali. Leo zaidi ya asilimia 80 ya Wakenya wanaohesabiwa katika takwimu za ajira, ukiacha wakulima wadogo, wamo katika sekta hiyo. Nenda Kamukunji jijini Nairobi uone mabati ya mapipa yakigeuzwa kuwa masanduku ya wanafunzi, majiko na matoroli. Fundi wa pale ajua bei ya bati leo asubuhi, ajua mteja gani hulipa na yupi hukopa akatoroka, ajua kifaa gani kitanunuliwa msimu wa mvua. Hayo ndiyo maarifa tunayojaribu kuyaandika ubaoni. Lakini ni mara ngapi fundi huyo amealikwa chuoni akasimama mbele ya wanafunzi kama mwalimu? Hana digrii, twasema. Naye msomi mwenye digrii tatu, ambaye hajawahi kuuza hata kiberiti, ndiye tunayempa chaki.

Tusiache pia kuyatazama makosa yetu wenyewe wasomi. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya. Wahandisi wa chuo hicho walishirikiana na Shirika la Reli na taasisi nyinginezo, na tarehe 27 Februari 1990 magari ya Nyayo Pioneer yalizinduliwa katika uwanja wa Kasarani. Shirika likaundwa ili kuyatengeneza kwa wingi. Hakuna Mkenya aliyewahi kulinunua hata moja. Fedha za kujengea kiwanda hazikupatikana, na matunda ya jitihada ile yakaja kuwa karakana ya vipuri ijulikanayo kama Numerical Machining Complex.

Wengi huisimulia habari hii kwa kicheko. Mimi sicheki, kwa sababu magari yale yaliundwa na yakaenda. Wahandisi walitimiza walilotakiwa. Kilichokosekana ni majibu ya maswali ambayo hayakuwa ya uhandisi: nani atayanunua, kwa bei gani akilinganisha na gari kuukuu lililotoka ng'ambo? Nani atatengeneza nati na vioo vyake? Benki gani itasubiri miaka kumi kabla ya kuona faida? Baina ya kifaa cha kwanza na kifaa cha mia moja pana bonde pana, na ni katika bonde hilo ndimo uvumbuzi wetu mwingi ulimozikwa. Ujasiriamali, kwa maoni yangu, ni elimu ya kulivuka bonde hilo. Mashine ya msichana yule na gari la Nyayo ni ndugu wa tumbo moja: la pili lilipigiwa ngoma uwanjani, ya kwanza ikafunguliwa kimya kimya, lakini yote mawili yalikomea ukingo ule ule.

Ukitaka kuona jinsi bonde linavyovukwa, itazame M-Pesa. Pana hadithi isiyokufa vyuoni kwamba huduma hiyo ilibuniwa na mwanafunzi maskini kisha akapokonywa. Historia iliyoandikwa yasema vingine: kazi ilianzia katika kampuni ya Vodafone, ikasaidiwa na fedha za idara ya maendeleo ya serikali ya Uingereza, ikajaribiwa hapa kuanzia 2005 na kuzinduliwa na Safaricom Machi 2007. Tena ilipoanza kujaribiwa, ilikusudiwa kuwasaidia wakopaji kulipa mikopo midogo. Wananchi wenyewe ndio walioitumia kutumiana pesa, nao waanzilishi wakawa na busara ya kuwafuata wateja badala ya kung'ang'ania mpango wao. Hapo pana mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba wazo la siku ya kwanza si lazima liwe ndilo la siku ya mwisho, na mpango wa biashara usioruhusiwa kubadilika ni insha tu. La pili lanihuzunisha zaidi. Hadithi ya mwanafunzi aliyepokonywa haifi kwa sababu wanafunzi wetu wanaiamini, na wanaiamini kwa sababu wanahofu kwamba wazo lao likifika mezani pa mkubwa halitarudi.

Hofu hiyo haiondolewi kwa hotuba. Inaondolewa kwa sheria inayojulikana. Sheria ya Mali ya Viwanda ya mwaka 2001 inampa mvumbuzi hataza inayodumu kwa miaka 20, na hataza hizo husajiliwa na taasisi ya serikali ya KIPI. Sheria hiyo pia inaeleza kwamba mwajiriwa akivumbua kitu katika kazi aliyoajiriwa kuifanya, haki kwa kawaida huwa ya mwajiri wake. Mwanafunzi, hata hivyo, si mwajiriwa. Amelipa karo. Je, alichokiunda kwa vipuri vya chuo, akiongozwa na mhadhiri wa chuo, ni cha nani? Jibu hutegemea kanuni za chuo chenyewe, na ni wanafunzi wangapi waliowahi kuziona kanuni hizo? Fauka ya hayo, uvumbuzi hutakiwa uwe mpya ndipo upate hataza. Anayeutangaza hadharani kisha akakawia kuwasilisha ombi hujitia hatarini kuipoteza haki yake. Nasi kila mwaka huwapanga wanafunzi katika maonyesho, wakaeleza siri zote za vyombo vyao mbele ya kila mpita njia, wakarudi nyumbani na cheti na fulana.

Sitaki nionekane kana kwamba naona giza tu. Chuo Kikuu cha Kenyatta kina kituo cha Chandaria cha kulea biashara changa tangu 2011, Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha C4DLab mwaka 2013, na Strathmore nacho kina kituo chake. Ipo Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi ya mwaka 2013 iliyounda Wakala wa Kitaifa wa Uvumbuzi na Hazina ya Kitaifa ya Utafiti. Sheria hiyo ilisema hazina ipewe kila mwaka kiasi cha fedha kinacholingana na asilimia mbili ya pato la taifa. Kiwango hicho hakijawahi kufikiwa. Vituo nilivyovitaja vimekusanyika Nairobi na viunga vyake, ilhali mwanafunzi wa Kilifi, wa Kakamega au wa Garissa ana akili na shida zinazohitaji ufumbuzi vilevile.

Kadhalika tulipata mfano wa jinsi serikali inavyoweza kuwa mteja. Ilipoamua, kuanzia 2016, kuwapa wanafunzi wa madarasa ya chini vifaa vya dijitali, ilizipa kandarasi kampuni za kigeni zilizoungana na vyuo vikuu vya Jomo Kenyatta na Moi, na vifaa zaidi ya milioni moja vikasambazwa shuleni. Ni kweli kwamba usanifu mwingi ulitoka nje na kazi yetu ilikuwa ya kuunganisha. Lakini karakana zilifunguliwa kwa sababu mnunuzi alikuwepo. Kiwanda hufuata mteja. Hakifuati cheti cha maonyesho.

Sasa niseme neno kuhusu usemi huu wa "jiajirini", maana ndani yake mna ukweli na mna hila. Ukweli ni kwamba ofisi za serikali hazitawatosha wahitimu wote, na kijana anayeketi akisubiri barua ya kuajiriwa huenda akaota mvi. Hila ni kwamba usemi huo hutumiwa kumtwika kijana lawama isiyokuwa yake. Barabara mbovu, umeme ghali, leseni chungu nzima, zabuni zinazokwenda kwa wanaojuana: hayo yote husahauliwa, akaambiwa kwamba shida yake ni uvivu na uchache wa fikra. Mhitimu huyo atoka chuoni na deni la HELB, hana shamba wala hati ya kuweka rehani. Akikimbilia Hazina ya Hustler iliyozinduliwa Novemba 2022, mkopo wa mtu binafsi huanzia shilingi 500. Mkono mtupu haulambwi, na shilingi 500 hazifungui karakana.

Isitoshe, si kila mtu aliumbwa awe mfanyabiashara, wala nchi haihitaji hivyo. Twahitaji wauguzi, twahitaji walimu wa Kiswahili na wa hisabati, twahitaji watafiti watakaokaa miaka 15 wakichunguza ugonjwa mmoja wa mihogo bila kuuza chochote. Somo la ujasiriamali lisigeuzwe kuwa njia ya kuwaaibisha hao. Kila mwanafunzi na ajue jinsi pesa inavyozunguka, jinsi ya kusoma mkataba na kulinda kazi ya akili yake. Mwanafunzi wa fasihi anayetafsiri vitabu au anayetunga mchezo wa redio ana haki ya kujua mapatano ya haki ni yapi. Lakini kujua biashara ni kitu kimoja, na kulazimishwa kuabudu biashara ni kingine.

Tufanyeje basi? Napendekeza mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji tume.

Kwanza, mtihani wa ujasiriamali upunguzwe, na mahali pake pashikwe na kazi. Mwanafunzi aunganishe mradi wake wa mwaka wa mwisho na somo hili. Atahiniwe kwa wateja aliozungumza nao, kwa hesabu za gharama na mauzo alizoziweka, na kwa maelezo ya kilichomshinda. Aliyepata hasara na akaweza kueleza sababu zake apewe alama kuliko aliyebuni faida karatasini. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, nasi twamfukuza mhunzi koleo lake linapovunjika mara ya kwanza.

Pili, kila idara itenge vipuri ambavyo havitarudi. Mradi mmoja au miwili iliyo bora kila mwaka iachwe mizima, na mwenyewe apewe nafasi ya karakana kwa mwaka mmoja baada ya kuhitimu. Gharama yake ni ndogo kuliko ile ya hafla moja ya kuzindua mpango mkakati.

Tatu, kanuni za chuo kuhusu nani anamiliki uvumbuzi ziandikwe kwa lugha nyepesi na apewe kila anayejiunga na mwaka wa kwanza, pamoja na ratiba yake ya masomo. Mhadhiri aliyechangia atajwe, mwanafunzi asipokonywe, na ombi la hataza liwasilishwe kabla ya maonyesho, si baada yake.

Nne, vyuo na kaunti vianze kununua. Chuo chenye mashamba na mabweni hununua majiko, matangi na mashine chungu nzima kila mwaka. Sheria tayari imewatengea vijana, wanawake na watu wenye ulemavu asilimia 30 ya zabuni za umma. Chuo kisichoweza kununua kifaa kilichoundwa na mwanafunzi wake kwa nini kitarajie mgeni akinunue?

Kwenu wanafunzi, nanyi mnao wajibu. Msingoje mtaala ubadilike. Mmoja wenu ajuaye kuunda na amtafute ajuaye kuuza, kwani kidole kimoja hakivunji chawa. Mtoke nje ya lango la chuo mwende kwa mafundi, mkae kitako mwulize, mchafuke mikono. Na mhadhiri akiwaambia mradi umekwisha kwa sababu alama zimetolewa, msimwamini.

Mashine za kuangulia mayai zauzwa madukani Nairobi, nyingi zikiwa zimetoka Uchina. Kila nizionapo kwenye kioo cha duka humkumbuka msichana yule na daftari lake la siku 21. Wazee wetu wa pwani walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Yeye alikuwa amekiunda chake. Sisi tuliokuwa na kalamu mkononi ndio tuliomwamuru akivunje kabla hakijatiwa majini, na nadhani ni haki yangu kusema hivyo, kwa kuwa moja ya zile sahihi ilikuwa yangu.